Itikadi ya Ndege Mbaya, na Bundi wa Kayole

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba ndege na kuwashika angani pasipo nguzo wala kamba. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyetutoa katika giza la ujahili, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu waliponitaka niandike neno katika jarida hili la darasa letu, nadhani walitaraji khabari za mji mkuu: fujo la matatu, vijana waliopotea, na mengine kama hayo. Hayo yapo, na wenye kuyaandika ni wengi. Mimi nakaa Kayole, mashariki ya Nairobi, na neno nililo nalo moyoni ni khabari ya ndege. Asicheke msomaji. Atakapofika mwisho ataona kwamba ndani ya khabari hii mna maiti.

Mtu asiyepajua Kayole hudhani ni mawe na mabati tu. Mtaa huu ulijengwa kuanzia miaka ya 1980, na nyumba nyingi ambazo zamani zilikuwa za chini sasa ni maghorofa yaliyosongamana hata jua halifiki uani. Kaskazini yetu ni Dandora, penye jaa la taka lililofunguliwa mwaka 1975. Mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa, na taka zikaendelea kumwagwa juu ya taka. Upande wa Njiru mna machimbo ya mawe ya kujengea. Mbele zaidi, Ruai, yako mabwawa makubwa ya kusafishia maji machafu ya mji. Jaa, machimbo na mabwawa ya uchafu: ni mahali ambapo binadamu hupita akiwa ameziba pua, na ndipo hapo hapo Mwenyezi Mungu alipowawekea viumbe vyake wengine riziki yao.

Baada ya sala ya alfajiri hupanda juu ya sakafu ya nyumba tunayokaa, penye matangi ya maji na kamba za nguo, nikakaa kitako na kutazama. Kwanza hupita makorongo wakubwa wenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni, wakielekea Dandora. Ndege huyu akisimama hufika hata mita moja na nusu, na miguu yake huonekana myeupe kana kwamba amekanyaga pipa la chokaa. Si chokaa. Hujinyea miguuni kwa makusudi, ili unyevu ukikauka umpoze mwili. Jirani yangu mmoja nilipomweleza hayo alikasirika, akaniambia kwamba Mungu hawezi kumfundisha kiumbe jambo chafu namna hiyo. Nikamwuliza, basi kamfundisha nani?

Kisha huamka mwewe, naye ni mwizi wa mchana. Nimemwona akimpokonya mtoto andazi mkononi bila ya kumkwaruza kidole. Kuanzia mwezi wa Oktoba nyaya za umeme hujaa mbayuwayu waliotoka Ulaya, kila mmoja hafiki uzito wa gramu 25, naye amelivuka jangwa la Sahara kwa mbawa zake. Kufikia mwezi wa Aprili wamekwisha rudi walikotoka. Na katika kiwanja kimoja chenye nyasi, ambacho bado hakijapata mwenye fedha za kukijenga, huja hudihudi na kishungi chake, akidonoa wadudu ardhini. Mara ya kwanza nilipomwona nilisimama hata nikachelewa gari. Huyu ndiye yule aliyetajwa katika Qur'ani, nasi tumemkuta Kayole, baina ya banda la fundi wa pikipiki na muuza makaa! Nitarudi kwake.

Sasa natazama lugha yetu. Sisi watu wa pwani tukitaka kusema kwamba jambo fulani ni dalili ya shari, husema ni ndege mbaya. Na likiwa la kheri, ni ndege njema. Neno ni lile lile la kiumbe arukaye. Na Waarabu nao walikuwa hivyo hivyo: neno tiyara, yaani kupiga fali ya shari, latoka katika neno tair, ndege. Kabla ya Uislamu mtu miongoni mwao akitaka kusafiri humtimua ndege. Akiruka kuliani, huenda. Akiruka kushotoni, hurudi nyumbani na kufungua mizigo yake. Tazama ujahili huo! Biashara ya mtu, ndoa yake na safari yake vimetundikwa juu ya bawa la kiumbe aliyekuwa akijikimbilia nafsi yake.

Na katika ndege wote hapana aliyeonewa kama bundi. Waarabu wa jahili walimwita hama. Wako waliosema kwamba mtu akiuawa na asilipiziwe kisasi, hutoka bundi kichwani mwake akawa analia kutaka anyweshwe, mpaka damu ya muuaji imwagike. Na hesabu wewe mwenyewe watu wangapi waliuawa kwa ajili ya kumnyamazisha ndege huyo. Na wako waliosema kwamba bundi akitua juu ya nyumba amekuja kumtangaza maiti. Mtume (S.A.W.) aliyabatilisha yote mawili. Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba alikanusha kuwapo kwa fali ya shari na kuwapo kwa hama. Hadithi hiyo wasomi wetu waijua. Walakini bundi wa hama, aliyefukuzwa Makka na Madina karne kumi na nne zilizopita, naona amehamia kwetu, akapewa na jina: hatuna kwetu babewatoto? Mama humtishia mtoto asiyelala, na mtoto akikua, khofu ile hukua naye.

Hapa nitasimulia yaliyotokea.

Mwezi wa Julai mwaka 2022, baada ya Idi ya kuchinja, alikuja kwetu mama mmoja mtu mzima kutoka Malindi, kumzuru mwanawe ambaye ni fundi cherehani na hukaa ghorofa ya chini yangu. Julai ni mwezi wa baridi Nairobi, na mtu wa pwani aliyezoea kulala madirisha wazi huingiwa na baridi hiyo kabla hajajua imepitia wapi. Usiku wa Jumanne alishikwa na homa na kikohozi. Usiku ule ule bundi akatua juu ya tangi la maji, akalia. Bundi huyu si yule mwenye kuvuma kwa sauti nzito. Ni yule mwenye uso mweupe kama sahani, ambaye kilio chake ni mkwaruzo mrefu kama wa kitambaa kinachochanwa. Nyumba nzima ilimsikia.

Asubuhi yule kijana alipiga simu kwa jamaa zake kueleza ugonjwa, na katika maneno yake akamtaja na ndege. Laiti asingalimtaja. Tangu hapo hapana aliyeuliza tena juu ya kikohozi. Shangazi alisema mgonjwa asihangaishwe na sindano, kwani amri imekwisha shuka. Atafutiwe basi arudi kufia kwao. Mwingine akasema la, yuko mtu wake ajuaye kuizuia ndege hiyo. Zipelekwe fedha kwa simu, achinjwe kuku na damu imwagwe kizingitini. Fedha zikapelekwa Jumatano. Alkhamisi walikuwa bado wabishana baina ya basi na kuku. Bundi alirudi usiku wa pili na wa tatu, na kila akirudi shangazi alipata nguvu katika maneno yake.

Mimi nilipata kuyajua haya Ijumaa, baada ya sala, kijana aliponiomba nimwombee mama yake dua. Niliposhuka na kumwona, midomo ilikuwa imekwisha badilika rangi na pumzi zaenda mbio. Tulimpeleka hospitali laasiri hiyo. Kilikuwa kichomi. Daktari, mtu mpole, alituuliza ameanza kuumwa lini. Tulipomwambia Jumanne, alituangalia, kisha akarudi kwenye kazi yake. Jumapili kabla ya alfajiri mama yule alifariki. Mwenyezi Mungu amrehemu na ampanulie kaburi lake.

Matangani nilisikia maneno niliyoyatazamia. Si tuliwaambia? Ndege alilia siku tatu! Na vijana wawili walikwisha kusanya mawe wapande juu wamngojee. Nikawazuia, na si wote walioridhika nami.

Ndugu zangu, kifo kina ajali yake, wala sisemi kwamba lau tungekwenda Jumatano angeishi. Hilo ni katika ilimu ya Mola. Lakini sisi hatukuamrishwa kuipeleleza ajali. Tuliamrishwa kutafuta dawa, na Mtume (S.A.W.) aliwaambia watu wajitibu kwa kuwa Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Kichomi kina dawa yake, nayo ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka pale. Siku zile tatu mgonjwa hakulazwa na ndege. Alilazwa na watu wenye kusali, wenye kufunga, wenye kumpenda, na hilo ndilo linalouma.

Mtu atauliza: mbona basi mara nyingi bundi hulia nyumbani kwa mgonjwa, na mgonjwa akafa? Tumjibu kwa mambo ambayo kila mtu aweza kuyapima mwenyewe. Bundi yupo mtaani kila usiku. Usiku ambao sote tu wazima, twalala. Hulia na hapana amsikiaye. Usiku wa mgonjwa watu wako macho, taa yawaka, mlango wafunguliwa na kufungwa, na kila mmoja ametega sikio akiogopa. Usiku huo husikiwa. Tena taa yavuta wadudu na makombo yavuta panya, na bundi afuata panya. Na mgonjwa akipona, ndege yule husahauliwa. Akifa, hukumbukwa miaka arubaini na kusimuliwa wajukuu. Nimekaa nyumba hii miaka mingi, na bundi nimemsikia nyakati zisizohesabika. Lau kila mlio ungekuwa na maiti wake, Kayole ingekwisha kuwa makaburi matupu.

Hata kunguru tumemsingizia, ila yeye twamwonea kwa upole: akilia juu ya paa, mgeni yuaja. Kunguru mweusi wa kijivu aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890, naye ameonekana Mombasa tangu mwaka 1947, hupiga kelele tangu kucha hata kuchwa. Kama kila kelele yake ingeleta mgeni, watu wa Mombasa wangelala njiani kwa kukosa nafasi nyumbani mwao. Na huyu ndege ana heshima yake katika Kitabu, kwani katika Sura ya Al-Maida imesimuliwa kwamba mwana wa Adam alipomwua nduguye asijue la kufanya, Mungu alimpeleka kunguru akachakura ardhi ili amwonyeshe namna ya kumsitiri maiti. Kunguru hakutabiri kifo, ndugu zangu. Alikuja baada ya kifo, akafundisha kazi.

Isidhaniwe kwamba nasema ndege hawana la kutuambia. Kwetu Kayole, kabla ya mvua za masika na baada ya kuanza kwake, husikika ndege mmoja mwenye kifua chekundu arudiaye sauti tatu zishukazo, tena na tena, hata usiku. Watu wa bara husema anaita mvua, na mkulima akimsikia hutengeneza jembe lake. Huko si kupiga fali. Ndege yule hutaga majira ya mvua kwa kuwa ndipo viwavi vya kumlisha vinapopatikana, na mkulima ameona miaka hamsini kwamba mambo hayo mawili huja pamoja, na sababu yake yajulikana. Nayo ni kheri, kwa kuwa yamtia mtu kazini. Fali ya shari haina sababu iwezayo kuonyeshwa, na kazi yake yote ni kumtoa mtu kazini: asiende, asinunue, asioe, asimpeleke mama yake hospitali.

Sasa narudi kwa hudihudi, kama nilivyoahidi. Nabii Sulaiman (A.S.) alifundishwa lugha ya ndege, hayo yamo katika Sura ya An-Naml, na hapana mtu baada yake awezaye kudai jambo hilo. Hudihudi akaghibu, kisha akaja na khabari kubwa ya malkia wa Sabaa na watu wake wanaolisujudia jua. Je, Sulaiman alifanya nini? Alitayarisha jeshi papo hapo? La. Alimwambia kwamba atatazama kama amesema kweli au ni miongoni mwa waongo, akampa barua aipeleke, angoje jawabu. Nabii mwenye kuijua lugha ya ndege, aliyeletewa khabari kwa maneno yaliyo wazi, hakutenda jambo mpaka amechunguza. Nasi tusiojua hata herufi moja ya lugha hiyo twasikia mkwaruzo juu ya tangi, twatoa tafsiri, twatoa hukumu, na twamnyima mgonjwa dawa!

Limebaki neno moja, nalo ni juu ya nafsi yangu. Usiku ule wa Jumanne mimi nilimsikia bundi kama wenzangu. Nilijua kwamba chini yangu mna mtu mzima aliyekuwa akikohoa. Na mimi, ninayesomesha watu darasani kwamba hama hapana, moyo wangu ulifinywa. Nikasoma nilichokisoma, nikajifunika blanketi, wala sikushuka kubisha mlango. Nikajiambia kwamba nitashuka asubuhi, na asubuhi nikawa na shughuli. Sahaba mmoja alimwambia Mtume (S.A.W.) kwamba wako kwao watu wenye kupiga fali, naye akajibu kwa maana ya kuwa hicho ni kitu ambacho watu hukikuta vifuani mwao, basi kisiwazuie. Hakuwalaumu kwa kukikuta. Mimi sijilaumu kwa kufinywa moyo, kwani moyo haushikwi kwa mkono. Najilaumu kwa blanketi.

Mwezi wa Agosti yule kijana alipanda kwangu juu jioni moja, tukakaa penye matangi. Akaniuliza: "Ami, kweli yule ndege hakujua kitu?" Nikamwambia, "Twende ukamwulize." Kando ya nyumba yetu liko jengo ambalo mwenyewe aliishiwa na fedha akaliacha bila ya madirisha, na mlinzi wake twafahamiana. Tulipanda ngazi hata ghorofa ya juu, na pembeni, penye ukuta uliochafuka kwa mavi meupe, tukaona chini madonge ya rangi ya kijivu, kila moja kadiri ya kidole gumba. Bundi humeza panya mzima. Kisichosagika tumboni, manyoya na mifupa, hukitapika kikiwa kimefungwa namna hiyo. Mwenyewe hakuwapo, au alikuwapo nasi hatukumwona. Nyoya lake moja lilikuwa sakafuni, na ukingo wake laini kama hariri. Ndiyo sababu akiruka husikii bawa.

Kijana alichukua kijiti akayavunja madonge matano. Yeye ni fundi, mikono yake ni mipole. Alivipanga vile vifupa juu ya tofali safu kwa safu, akahesabu mafuvu ya panya kumi na manne. Alikaa akiyatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe usiku ule alikuwa kazini kwake." Sikumjibu, na hakutaka jawabu. Tukayaacha pale pale juu ya tofali, tukashuka, kwa kuwa magharibi ilikuwa imekaribia naye alikuwa hajatawadha.